Waliokuwepo Siku ya Isale

Pale Nkoaranga, kwenye Mlima Meru, kuna mteremko ambao mgeni akiupanda husimama kila mara na kujifanya anatazama mandhari, kumbe anatafuta pumzi. Juu ya mteremko huo anaishi mama mmoja mjane aitwaye Eunike, ingawa wengi humwita Mama Joel. Migomba na kahawa yake imeng'ang'ania ardhi isije ikaporomoka, na yeye mwenyewe, kwa magoti aliyo nayo siku hizi, huteremka kwenda mferejini kinyumenyume, akishika mgomba mmoja baada ya mwingine. Haoni haya. Husema hata mbuzi akifika umri wake atateremka hivyo hivyo.

Tangu mumewe afariki, Eunike alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, na alilirudia mpaka nadhani huko mbinguni walishalikariri: Joel arudi nyumbani. Joel ni mwanawe wa pekee, mwalimu wa historia katika sekondari moja mjini Arusha. Amepanga Lemara pamoja na mke na watoto, na nyumbani huja mwisho wa mwezi, anakula, anakagua paa, anaondoka. Basi mwaka jana akaja na habari.

"Mama, nataka kujenga hapa. Nitakuwa nakwenda kazini na kurudi."

Mama alikaa chini palepale, juu ya mfuko wa pumba. Jumapili iliyofuata alipeleka mkungu wa ndizi kanisani kuwa shukrani, ukanadiwa nje baada ya ibada, na kwa furaha aliyokuwa nayo akapandisha dau na kuununua mwenyewe. Watu walilicheka jambo hilo wiki nzima.

Sehemu ya kujenga ilikuwa moja tu, kile kipande tambarare kilicho chini, karibu na mfereji. Kwingine kote ukiweka sufuria chini linabiringika. Na hapo ndipo furaha ya Eunike ilipokuwa na mwiba, kwa sababu alijua jambo kuhusu kipande kile. Alijua, akanyamaza.

Huko mlimani mpaka hauwekwi kwa waya. Hupandwa isale, ule mmea wa majani marefu ya kijani, na likishapandwa mbele ya watu halichezewi. Zamani, Joel akiwa bado wa kubebwa mgongoni, baba mkwe wake Eunike, Mzee Elinami, aligombana na jirani yake Mzee Aminieli kwa ajili ya mpaka. Wakapatana, wakapanda masale kuanzia kwenye mti mkubwa wa mringaringa mpaka mferejini, na kipande cha chini kikawa cha Aminieli. Miaka ikapita, zikaja mvua za Elnino, Joel akiwa shule ya bweni. Maji yakachukua mringaringa, yakachukua masale, yakaacha korongo. Mume wa Eunike na Mzee Aminieli wakasimama ukingoni wakitikisa vichwa, kisha wakakubaliana masale mapya yachomekwe ng'ambo ya korongo, upande wa Aminieli, ambako udongo ulikuwa bado mgumu. Iwe kwa muda tu, mpaka ardhi itulie. Eunike alikuwepo, tena ndiye aliyekata vile vijiti vya kupanda.

Sasa isale ni mmea usiojua maana ya muda. Ukilichomeka linashika, na likishashika linadhani limekuja kuoa. Wazee hao wawili walikufa kabla ya kuyahamisha masale. Korongo likajaa udongo na maganda ya migomba mwaka hadi mwaka, likawa tambarare nzuri nyeusi, na kwa macho ya mtu yeyote aliyezaliwa juzi ikawa ni mali ya Eunike.

"Hakuna aliyeniuliza," Eunike alijiambia siku Joel alipoanza kupima msingi kwa kamba. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara chai ilimpoa mkononi.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha raha. Joel alikuwa ameacha kanisa. Hakugombana na mtu; aliacha polepole kama mtu anavyoacha sukari. Siku moja Eunike akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando jikoni, akamwuliza bila kumtazama ni lini atashiriki tena meza ya Bwana. Joel alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Mama, nisikudanganye. Mimi kazi yangu ni kupima habari za watu wa kale. Hii ya kaburi la Yesu ninaisoma, nakwama. Mmoja anasema alikwenda mwanamke mmoja, mwingine anasema watatu. Huyu anasema malaika mmoja, yule wawili. Hawaelewani. Sasa nishike lipi?"

 Eunike aliendelea kukoroga. "Baba yako aliamini," alisema mwishowe.

"Baba alikuwa mtu mwema sana, mama. Lakini wema si ushahidi."

Hakusema kwa dharau. Joel hana dharau kwa mama yake. Lakini neno lile lilimchoma Eunike, na usiku huo aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida, asijue hata aombe nini.

Lori la mawe lilipomwaga mzigo wake pale chini, Rachel alikuja. Rachel ni binti wa marehemu Aminieli, fundi cherehani, aliyerudi kwa baba yake baada ya ndoa kuvunjika. Aliingia uani kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

"Sikai, mama. Nimeona mawe. Baba aliniambia kabla hajafa kwamba kipande kile ni chetu, masale yale yaliwekwa kwa muda. Nikanyamaza kwa kuwa mlikuwa mnalima maboga tu. Lakini nyumba, mama, nyumba haing'olewi."

Joel alitokea mlangoni. "Dada Rachel, kuna mtu aliyeona? Maana baba yako ametangulia na baba yangu ametangulia."

Rachel akamtazama Eunike. Eunike akatazama kuku. Ninakiri hapo ningependa kumwambia, mama, sema sasa, lakini ukiwa na mwanao aliyekaa mbali miaka yote, na nyumba yake imeshafika mpaka kwenye mawe, ulimi huwa mzito kuliko jiwe la kusagia.

Rachel alikwenda mjini, akazunguka mtaa wa Levolosi, mpaka akampata Agnela, mama mzee aliyekuwepo isale la kwanza lilipopandwa.

Wazee wa ukoo walikutana pale pale kwenye kipande, siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa Jumapili ya Mitende. Aliyeongoza kikao ni Mzee Ebenezer, mtu mpole mwenye kofia ya sufu ambayo haivuliwi hata jua likipasua. Kwanza walichimba pale Rachel alipoonyesha, wakitafuta mizizi ya mringaringa. Walipata udongo, na chini yake udongo. Maji ya Elnino hayakuacha kitu.

"Basi tumebaki na maneno ya watu," alisema Mzee Ebenezer. "Aliyeona aseme."

Agnela alisogea na mkongojo wake. Ni mama wa Rombo, Mkatoliki, aliyekuja Meru akiwa msichana kuchuma kahawa kwa Mzee Aminieli. Siku hizi anaishi Levolosi na wajukuu wake, anauza vitumbua asubuhi. Alieleza kwamba siku ya kupatana alikuwepo. Mvua ilikuwa inanyesha. Wanawake watatu walileta chakula, yeye mmojawapo. Mzee Aminieli ndiye aliyeshika isale la kwanza, na mstari ulitoka kwenye mringaringa ukashuka mpaka mferejini, pale, alionyesha kwa mkongojo, ndani kabisa ya eneo ambalo Joel alikuwa amefunga kamba.

Joel akaomba kuuliza. Alianza na shikamoo, akaitikiwa, akaendelea kwa sauti ileile ya darasani.

"Mama, umesema mvua ilinyesha. Mama yangu amenisimulia karamu ya siku hiyo tangu nikiwa mdogo, ingawa mpaka hajawahi kuutaja, na husema lilikuwa jua, akaanika nepi zangu kwenye miti ya kahawa. Umesema mlikuwa wanawake watatu. Yeye husema wawili, yeye na mama yake Rachel. Umesema isale lilishikwa na Mzee Aminieli. Yeye husema lilishikwa na babu Elinami. Sasa, mama, samahani, wewe kweli ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, baba," alisema Agnela.

"Mtu akikosea yote hayo, tutamwaminije kwenye mpaka?"

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akanong'ona kwamba isale tangu zamani ni jambo la wanaume, wanawake huja na sufuria tu. Rachel aliinama. Agnela aliushika mkongojo kwa mikono miwili. Kidole chake cha mwisho, kilichopinda tangu kuzaliwa, kilikuwa kimesimama peke yake.

Kidole kile ndicho kilichomshinda Eunike. Alikitazama, na siku ile yote ikamrudia. Alimwona msichana mwembamba mwenye khanga iliyolowa, akimwambia, dada, nipe mtoto nikushikie, wewe ule. Alimpa. Joel alikinyonya kidole kile kilichopinda mpaka akalala. Na huyu mtu, aliyempokea mwanawe mgongoni ili yeye apate kula, alikuwa amemsahau miaka yote hii, akimsimulia kila mtu karamu ile kana kwamba Agnela hajapata kuzaliwa. Eunike aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Akainuka. Kwa magoti yake ilikuwa shughuli, lakini alikataa kushikwa.

"Huyu alikuwepo," alisema. "Tulikuwa watatu. Mimi nilisema wawili kwa kuwa nilikuwa nawahesabu wake wa mashamba haya mawili, na huyu alikuwa mchuma kahawa, nikamwacha. Nilimsahau. Lakini kumsahau kwangu hakumwondoi pale alipokuwa."

Joel alisema polepole, "Mama, na mvua?"

"Ilinyesha asubuhi. Yeye alikuwa kwenye kahawa tangu alfajiri, akalowa mpaka mifupa, atakumbuka nini kama si mvua? Mimi nilitoka nyumbani jua limeshawaka, nina nepi mkononi. Kila mtu anakumbuka kilichompata. Ila kuhusu aliyeshika isale, hapo amekosea. Alikuwa baba mkwe."

"Alikuwa Mzee Aminieli," alisema Agnela, akiugonga mkongojo chini.

"Elinami."

"Aminieli, dada. Alikuwa na koti la kijani."

"Haya, tutabishana baadaye." Eunike akawageukia wazee. "Palikuwa na pombe ya ndizi pia, ingawa baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa na tuliambiwa tusiseme. Na mstari ulipita pale anapoonyesha huyu mama. Haya masale ya sasa mume wangu aliyaweka baada ya Elnino, kwa muda, Mzee Aminieli amesimama hapo akimshikia panga. Vijiti nilivikata mimi. Kipande hiki ni cha Rachel."

Yule mzee wa sufuria akakohoa. Akasema kwamba mambo ya mpaka yalishuhudiwa na wanaume.

"Ni kweli," alisema Eunike. "Wamelala pale chini ya migomba, wote. Kawaulizeni."

Watu wakacheka, hata mzee huyo. Lakini Mzee Ebenezer hakucheka. Alimsogelea na kusema kwa upole, "Mama Joel, unajua unachokisema? Hapa ndipo mwanao anapotaka kujenga. Hakuna pengine."

"Najua kuliko wewe," alisema Eunike, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya wote. "Nimeomba arudi mpaka nimechoka kuomba. Lakini niliona, Mzee. Mtu aliyeona atafanyaje?"

Kikao hakikuchukua muda tena. Shahidi anayejipendelea wanamjua, wanaye mmoja karibu kila shamba. Anayesimama kujivunjia nyumba ya mwanawe hawakuwa na swali la kumwuliza. Ikaamuliwa masale yahamishwe Jumatatu ya Pasaka, na Joel akafungua kamba zake mwenyewe, akizikunja taratibu kuzunguka kiwiko.

Eunike alimpeleka Agnela jikoni, akampa chai na ndizi za kuchoma, akamwomba msamaha. Agnela alisema hakuna la kusamehe, ila Aminieli ndiye aliyeshika isale. Waliendelea na hayo mpaka Rachel alipokuja kumchukua mgeni wake.

Joel aliingia baadaye, viatu vimejaa udongo. Alivuta kigoda kilekile.

"Umekasirika," alisema mama yake.

"Nimesikitika. Si kitu kimoja." Alitazama moto. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Kwa sababu nilitaka nyumba. Nilitaka niamke nisikie watoto wako wakigombana uani. Unisamehe."

Joel alimshika mkono. Walikaa hivyo, maharage yakichemka.

"Mama," alianza tena, "nikisahihisha mitihani, najua wanafunzi walionakiliana. Majibu yao yanafanana mpaka makosa. Nikiona hivyo, najua kuna mmoja aliyeandika na wengine waliotazama. Lakini wawili walioelewa kitu kila mmoja kivyake hawaandiki sawa hata siku moja. Nafundisha hivyo kila mwaka. Na leo nimesimama mbele ya watu nikamwaibisha mama wa watu kwa sababu hakufanana nawe."

"Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa najua. Ndiyo maana naona vibaya." Alichokonoa moto kwa kijiti. "Wale waliokwenda kaburini nao walikuwa kina mama. Kama mtu angetaka kutunga habari enzi zile, asingewaweka kina mama. Angetafuta wazee wenye kofia. Na wale waliosema wameona hawakujengewa nyumba kwa kusema hivyo. Walipigwa."

Eunike alitamani kupiga vigelegele, lakini alikuwa na akili ya kutosha kutomrukia. Aliinuka akaonja maharage.

"Sijasema naamini, mama. Bado sijui."

"Sijakuuliza unajua nini," alisema. "Nimetaka kukuuliza kama mtakuja Pasaka."

Walikuja. Joel alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mahali pa watu wanaotaka kutoka upesi, lakini hakutoka. Mchungaji alisoma habari ya wale wanawake waliokwenda alfajiri na manukato, wakarudi mbio na habari, na wanaume wakaona ni porojo. Eunike aliketi mbele na wajane wenzake. Shingo ilimwasha kugeuka amtazame mwanawe, akaishikilia hapohapo kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Mezani Joel hakwenda. Lakini wimbo wa mwisho ulipoanza Eunike alisikia nyuma yake sauti nzito ambayo haijui kushika noti, sauti ya marehemu mumewe kabisa, naye akashindwa kuimba.

Jumatatu walikutana tena kwenye kipande. Agnela alikuja kutoka Levolosi na ndoo ya vitumbua. Masale yaling'olewa yakakatwa vijiti vipya, na Rachel akashika cha kwanza upande mmoja, mwingine ukashikwa na Eunike, kwa sababu Mzee Ebenezer alisema wanaume waliopanda mara ya kwanza hawakuwa na kumbukumbu nzuri sana, na safari hii wapande wenye nayo. Yule mzee wa sufuria alibeba ndoo ya vitumbua bila kuambiwa.

Nyumba mwaka huu haipo. Kuchimba mteremko ni kazi kubwa, na Joel amesema ataanza taratibu pale lilipo banda la ng'ombe, huenda mwakani, huenda baadaye. Eunike alilia kidogo kwa ajili hiyo, akajifuta. Alikuwa amelipa, na alijua alicholipia.

Joel alikuwa amesimama nyuma ya watu, mikono mfukoni. Mama yake akamwita.

"Njoo huku mbele, baba. Hapo huoni."

"Naona, mama."

"Huoni. Ile mara ya kwanza pia ulikuwepo, ukalala." Alimwonyesha mfereji, akamwonyesha jiwe waliloliweka pale uliposimama mringaringa, akamwonyesha kijiti cha isale kilichoshikwa na mikono miwili ya kina mama, mmoja kila upande. "Mimi na Agnela hatutaishi sana. Siku moja watakuja kukuuliza wewe. Tazama vizuri."

Joel alikuja. Alipiga magoti kwenye udongo, kwa suruali yake ya Pasaka, akaushindilia udongo kwa viganja kuzunguka kile kijiti mpaka kikasimama chenyewe. Kisha alitazama, kutoka jiwe mpaka mfereji, kutoka uso wa Rachel mpaka uso wa Agnela, na mwisho uso wa mama yake, akakaa anautazama muda mrefu.

"Nimeona, mama," alisema.